Kengele Kabla ya Ukungu Kuondoka

Chuma juu ya chuma: ngaa, kisha kimya, kisha ngaa tena. Magdaline Murugi aliishi miaka mingi baada ya asubuhi ile, na sauti hiyo haikumtoka. Hakuwa akiisikia masikioni. Alikuwa akiisikia tumboni, chini ya mbavu, mahali ambapo mtu husikia gari likifunga breki ghafla.

Ilikuwa sauti ya kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mkaratusi mbele ya ofisi ya shule ya Kihuruko, juu kidogo ya Naro Moru, pale mashamba yanapokwisha na msitu wa Mlima kuanza. Reli ilipogongwa mara ya kwanza, watoto waliondoka nyumbani. Ilipogongwa mara ya pili, waliingia darasani. Mwaka huo wa 1969, katika vishamba walivyogawiwa watu baada ya mzungu kuondoka, nyumba yenye saa ilikuwa ya kutafutwa. Reli ndiyo iliyokuwa saa ya mlima mzima, na mwenye kuamuru igongwe lini alikuwa mwalimu mkuu.

Magdaline alifika Januari, na miaka yake thelathini na mmoja, sanduku la bati, godoro lililofungwa kwa kamba, na barua. Barua ilisema atakuwa mwalimu mkuu kwa majaribio ya muhula mmoja. Afisa wa elimu angekuja kutoka Nyeri, angeketi na kamati ya wazazi, na kutoka kwenye kikao hicho angethibitishwa au angerudishwa alikotoka.

Alikotoka ndiko kulikomtia hofu. Julai iliyopita surua ilimchukua Wamucii, mtoto wake wa pekee, siku tano tu kutoka kikohozi cha kwanza hadi kaburini. Oktoba mumewe, Kingori, aliyekuwa karani, alihamishiwa Nakuru. Alitangulia kwenda kutafuta nyumba, na badala ya nyumba ikaja barua ya mistari minne ikimwambia mkewe asijisumbue kufuata. Nyumba waliyokaa Nyeri ilikuwa ya kazi ya mume, kwa hiyo karani mpya alipofika na mkewe na viti vyao, Magdaline alitoka. Alirudi Ruring'u kwa baba yake, akalala chumba alicholala akiwa msichana, na mama yake akawa anamwekea chakula mezani bila kumtazama usoni.

Kihuruko walimpa nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, ya msimamizi wa zamani wa shamba. Usiku wa kwanza aliufunga mlango, akaketi juu ya sanduku, akajiambia kwamba akiipoteza kazi hii hatakuwa na mlango mwingine wa kufunga.

Tangu hapo mikono yake ilianza kutetemeka. Haikutetemeka sana. Ilitosha tu chaki kugonga ubao mara mbili pale ilipotakiwa kugonga mara moja. Akanunua sweta yenye mifuko mikubwa.

Mzee Kihara, aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka tisa, alimkabidhi shule kwa muda usiozidi robo saa. Miguu ilikuwa imemvimba, na mwanawe alikuwa akimngoja barabarani ampeleke nyumbani Kutus. Alimpa funguo, muhuri, na kitabu kikubwa cha kumbukumbu za kila siku.

“Mengine utayaona,” alisema. “Ukiwa na swali, waulize hawa walimu. Moffat amezaliwa huku.”

Maswali alikuwa nayo mengi kiasi cha kujaza kitabu kingine. Lakini mlangoni walisimama wajumbe watatu wa kamati, kofia mikononi, wakimtazama jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliyeletwa badala ya yule aliyechaguliwa. Mwenyekiti wao, mzee Wamae, mwenye shamba la viazi na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, hakuficha neno.

“Mwalimu, sisi ni watu wa kusema wazi. Tuliomba mwanamume.”

“Nimesikia, Mzee.”

“Tumeletewa wewe. Si vibaya. Hata mvua tunaomba ya Machi na inakuja ya Aprili, na tunapanda.” Wenzake wakacheka. “Lakini hawa wa darasa la saba wana mtihani Novemba. Mwaka jana walifaulu wanne. Wanne tu, Mwalimu. Wakifaulu wanne tena, hatutasema ni watoto.”

Alicheka pamoja nao. Mikono ilikuwa mifukoni.

Jioni hiyo alifungua kitabu cha kumbukumbu akitafuta mahali pa kuanzia, na akapaona. Kila siku Mzee Kihara alikuwa ameandika wakati wa kengele ya kwanza, na kila siku ulikuwa tofauti. Saa moja na dakika tano. Saa moja na nusu. Saa mbili kasorobo. Siku moja ya Julai, saa mbili na dakika kumi. Alifungua kurasa za miaka yote tisa na hakuona wiki moja ambayo kengele ililia saa ile ile siku tano mfululizo. Hapakuwa na maelezo, ni saa tu, kwa mwandiko mzuri wa mtu mtulivu.

Moyo wake ulipata nafuu kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Alidhani ameyaona makosa: mzee alikuwa akichelewa kuamka. Miaka tisa shule ilikuwa ikianza pale miguu ya mzee ilipopenda, na ndiyo maana watoto walifaulu wanne. Hili aliweza kulitengeneza bila kumwuliza mtu.

Aliwaita walimu wote watano asubuhi iliyofuata. Alisema kuanzia Jumatatu reli itagongwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila siku, bila kupungua wala kuzidi dakika. Darasa la saba litaingia saa kumi na mbili na nusu kwa marudio, na waliokaa mbali wataondoka nyumbani reli ikilia. Mwalimu wa zamu wiki mbili za kwanza atakuwa Moffat.

Moffat alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mwalimu asiye na cheti, mrefu, aliyevaa koti la baba yake. Aliinua mkono nusu.

“Mwalimu, hiyo kengele. Mzee alikuwa ana—”

“Najua alivyokuwa akifanya Mzee. Nimesoma kitabu.”

“Ndiyo. Lakini huku juu, asubuhi—”

“Moffat, tangu lini kengele ikawa na mjadala?”

Mkono ukashuka. Mwalimu mmoja alikohoa, mwingine akaangalia dirishani. Magdaline alijiona amesimama wima mbele yao, sauti yake imetoka bila kupasuka, akafurahi. Kisha akaogopa, kwa sababu aliona kuwa amefurahi. Kama Moffat angeendelea, ingekuwa lazima amwulize, *kwani huku asubuhi kuna nini*, na wote watano wangejua kwamba mwalimu mkuu wao hajui.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Watoto ishirini na watatu wa darasa la saba walifika gizani, miguu imelowa umande hadi magotini, wakaketi wakisoma kwa mwanga wa taa mbili za karabai. Wamae alipita njiani na mkokoteni wake wa viazi, akainua kofia.

“Naona moshi wa elimu,” alisema. “Mke wangu anasema ati siku hizi jogoo wetu anaamshwa na Mwalimu.”

Magdaline alicheka kweli, hata mikono akaitoa mifukoni. Usiku huo alilala bila kumwota Wamucii.

Alhamisi ya wiki ya pili aliamka na hakuuona mkaratusi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlimani ukaijaza shule kama maziwa yanavyojaa kibuyu. Alisimama mlangoni akisikia hatua za Moffat zikikata uwanja, na hakumwona. Hatua zikasimama.

“Mwalimu?” Sauti ya Moffat ilitoka katikati ya weupe. “Nigonge?”

“Saa ni ngapi?”

“Kumi na moja na nusu.”

“Basi.”

Ngaa. Kimya. Ngaa.

Saa kumi na mbili na nusu aliita majina. Mmoja hakuitika: Ngendo, binti wa Gatimu mpagazi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tatu, mwembamba, hodari wa hesabu, ambaye hakuwa amekosa hata siku moja. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho juu, ukuta wa nyuma ukiangalia msitu. Magdaline aliita jina lile mara ya pili, na kabla ya kuita mara ya tatu mlango ukafunguliwa. Waliingia wasichana wawili wa mtaa huo, wa mwisho kufika, mmoja hana kiatu na mwingine hana vitabu.

“Mbogo,” yule asiye na vitabu alisema. “Walikuwa njiani. Wamelala njiani. Hatukuwaona, Mwalimu, tuliwasikia wakisimama.”

“Ngendo yuko wapi?”

“Alikuwa mbele.”

Magdaline alishika ukingo wa dawati la mbele, na watoto wote wakauona mkono wake ukitetemesha dawati, kalamu ikaviringika ikaanguka. Moffat alikuwa tayari ametoka. Akamfuata, mwanzo akitembea kama mtu anayevuka mto, kisha kwa mbio.

Katika ukungu ule sauti zilikuja kutoka pasipokuwa na watu. Mtu aliita jina la Ngendo upande wa kushoto, na jibu la mbwa likatoka kulia. Kila kichaka kilikuwa na mgongo, kila jiwe lilikuwa na pembe. Walikutana na mama yake, Kabura, akishuka na chombo cha maziwa ya kupeleka kwa wanunuzi, hajui lolote.

“Mwalimu, mbona uko huku?” Kabura aliuliza, na kabla hajajibiwa akaweka chombo chini polepole, kwa uangalifu, kifuniko juu. “Niliisikia reli,” alisema. “Nikamwambia mapema sana hii, ukungu haujatoka. Akaniambia, mama, nikichelewa Mwalimu atanitoa kwa mtihani.”

Magdaline alisema, “Mama Ngendo.”

“Tuache kuongea,” Kabura alisema, akapanda.

Wanaume wasingeingia msituni mpaka ukungu uinuke. Si kwa uoga, bali kwa akili, kwa sababu mtu asiyeona mbogo hamsaidii mtu. Gatimu na wapagazi wenzake wanne, watu waliobeba mizigo ya wazungu hadi kwenye barafu, walikaa kwenye ukingo wa msitu wakiwa na panga na madebe ya kugonga, wakingoja. Magdaline alisimama nyuma yao. Hakuna aliyemwambia aondoke wala aliyemwambia akae. Alikuwa amewahi kungoja hivi, Julai, kwenye benchi la hospitali, mlango mweupe umefungwa. Alijua jinsi mwili unavyojaribu kufanya mapatano. *Chukua kazi. Chukua nyumba. Mimi nitarudi Ruring'u leo hii, mtoto atoke tu.*

Moffat alikuja akasimama kando yake.

“Mzee Kihara alikuwa anangoja,” alisema, akitazama mbele. “Alikuwa anatoka na kikombe cha chai, anasimama pale shuleni kwa mkaratusi. Akiona ule mstari wa msitu, anajua mbogo wamerudi ndani. Wanakula kwa mashamba usiku, na wanarudi na ukungu. Ukungu ukitoka mapema wanarudi mapema, ukikawia wanakawia. Akiuona msitu, ndipo anagonga.”

Magdaline aliona kurasa za miaka tisa zikifunguka mbele yake. Saa moja na nusu. Saa mbili kasorobo. Saa mbili na dakika kumi, Julai. Mzee hakuwa amelala.

“Kila mtu anajua hivyo?”

“Kila mtu.”

“Na hakuna aliyeniambia.”

Moffat alifikiri. “Walidhani unajua, Mwalimu. Walisema pengine serikali imeweka askari wa wanyama. Mimi nilidhani… Ulisema umesoma kitabu.”

Ukungu uliinuka karibu na saa nne. Walimpata Ngendo juu ya mzeituni mwitu, kwenye tawi ambalo mtu mzima asingelifikia bila ngazi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko, na alikuwa amelishikilia tawi kwa mkono mmoja na meno. Gome la mti lilikuwa kinywani. Chini ya mti nyasi zilikuwa zimekanyagwa zote. Baba yake alimwita kwa jina, na msichana akateremka. Lakini hakusema. Walimbeba mgongoni kwa zamu hadi Naro Moru, wakapata gari la kumfikisha hospitali ya Nyeri, na siku nzima hakusema, wala ya pili. Kila Magdaline alipokwenda kumwona, msichana alimtazama, kisha akatazama dirishani kuona kama kumepambazuka.

Habari zilifika kwa afisa wa elimu, na afisa akasema atakuja Jumatano, mapema kuliko ilivyopangwa.

Jumanne mchana Wamae alikuja ofisini. Hakuketi mpaka alipoambiwa aketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Tumezungumza, kamati,” alisema. “Msichana anaishi, Mungu ni mkubwa. Sasa tutazame shule. Afisa akikuondoa, tutakaa mwaka mzima bila mwalimu mkuu, na mtihani ni Novemba. Na mimi nimeona kazi yako. Nilikuwa siitaki, lakini nimeiona.” Alipangusa kofia. “Tutasema mwalimu wa zamu alikosea saa. Kijana hana cheti, atapata kibarua kwingine. Nimemweleza, amekubali.”

“Amekubali?”

“Hakukataa.”

“Na Mama Ngendo?”

“Kabura ni mama mpole.” Wamae alisimama. “Wewe usiseme chochote, Mwalimu. Hilo tu. Ni jambo rahisi.”

Wamae alipoondoka, Magdaline alimkuta Moffat nyuma ya darasa akipasua kuni za chai. Alimwuliza kama ni kweli.

“Sina neno, Mwalimu,” alisema, bila kuacha kupasua. “Mimi ndiye niligonga.”

Magdaline alirudi nyumbani akafunga mlango. Aliwaza jinsi ilivyo rahisi kweli, kwa sababu hakuhitaji hata kusema uwongo. Alihitaji kuketi tu, mikono mifukoni. Alikuwa amepoteza mtoto kwa siku tano na mume kwa mistari minne. Ni nani angemwambia kwamba ni haki apoteze na hiki? Alitazama vyumba vyake viwili, sufuria mbili, pazia alilolishona mwenyewe. Akaogopa kama alivyoogopa pale ukingoni, ila sasa mbogo alikuwa ndani ya nyumba na hakuwa na umbo.

Jumatano walikaa darasani, wazazi kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika vifuani. Kabura aliketi safu ya pili na leso mapajani. Afisa alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, si mkali, mchovu wa safari. Aliweka mkoba juu ya meza, na ukingo wa bahasha ya serikali ukaonekana. Magdaline alijua ndani yake kuna barua ya kumthibitisha, iliyokwisha kuandikwa, inayongoja saini tu.

Wamae alieleza vizuri. Alieleza ukungu, njia, mbogo, na wapagazi. Alipofika kwenye kengele alipunguza sauti.

“Basi hapo, Bwana Afisa, kukatokea makosa ya saa. Mwalimu wa zamu, kijana wetu Moffat, aligonga mapema mno.”

“Moffat ni nani?”

Moffat akasimama. Koti la baba yake lilikuwa limepigwa pasi.

“Ni wewe uligonga saa kumi na moja na nusu?”

“Ni mimi, Bwana Afisa.”

“Hukuona ukungu?”

“Niliona.”

“Uliona, na ukagonga.” Afisa alivua miwani. “Kijana, wewe una mama?”

“Ndiyo.”

“Angekuwa mtoto wa mama yako njiani, ungegonga?”

Moffat alitazama sakafu. Kutoka safu ya pili Kabura hakuwa akimtazama Moffat wala afisa. Alikuwa akimtazama Magdaline, bila hasira, kama mtu anayengoja ukungu uinuke aone kilicho nyuma yake.

Magdaline alisimama. Kiti kilikwaruza sakafu na watu wote wakageuka. Wamae alitikisa kichwa kidogo sana, akimsihi. Alitoa mikono mifukoni, na ilikuwa ikitetemeka mbele ya wote, akaiacha itetemeke. Sauti yake ilikuwa ndogo, wale wa nyuma waliinama mbele kuisikia.

“Kaa, Moffat,” alisema. “Saa ile niliiweka mimi. Alitaka kunieleza nikamkatiza, kwa sababu niliogopa mjue kwamba sijui.”